Wote walitazama miguu: kisa cha mtoto wa miezi 18 asiyetembea

Mtoto wa kiume, miezi 18, kifungua mimba. Ameletwa na mama yake pamoja na bibi mzaa baba kwa shida moja tu: hatembei. Akishikwa mikono miwili anapiga hatua, akiachiwa anakaa chini. Mtoto wa jirani waliyezaliwa naye mwezi mmoja anakimbia nyumba nzima na kupanda viti. Bibi ana maelezo yake tayari: "Huyu mjukuu wangu ni mvivu, na ukaidi umemjaa. Unamwita, wala hashughuliki."

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo ambayo wahudumu wa kliniki za watoto hukutana nayo mara kwa mara, kwa hiyo mtoto huyu hana jina. Ila shida yenyewe ni ya kweli kabisa, na jinsi ilivyoeleweka vibaya ni ya kweli zaidi.

Umri wake hasa ni upi?

Kabla hajaguswa, mama aliulizwa alijifungua wiki ya ngapi. Wiki ya 33. Mimba iliyotimia huhesabiwa wiki 40, maana yake mtoto alitangulia wiki 7. Maendeleo ya mtoto njiti hupimwa kwa umri uliorekebishwa: unachukua umri wa kalenda, unatoa wiki alizotangulia. Miezi 18 ukitoa wiki 7 inabaki miezi 16 na siku kadhaa. Hesabu hii hutumika mpaka mtoto afikishe miaka 2 hivi. Chanjo hazimo humo. Zenyewe hufuata tarehe ya kuzaliwa, na mzazi anayezisogeza mbele kwa kuwa mtoto ni njiti anamwacha bila kinga wakati anaihitaji kuliko wenzake.

Mama alikumbuka kwa mbali kwamba aliwahi kuambiwa jambo hilo siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Lilisemwa pamoja na mengine kumi, akiwa na usingizi wa wiki nzima machoni, na baada ya hapo hakuna aliyelirudia. Kila alipompima mwanawe kwa kumlinganisha na wa jirani, alikuwa anawalinganisha watoto wawili waliopishana karibu miezi miwili ya ukuaji.

Hata bila hesabu hiyo, mstari wa "mwaka mmoja anatembea" umewatesa wazazi bure. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walioweza kukaa bila kuegemea walifanya hivyo kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yao, kati ya miezi 6.9 na 16.9. Kutembea peke yao, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto wazima, waliolishwa vizuri, na bado kati ya wa mwanzo na wa mwisho kutembea imepita zaidi ya miezi 9! Mwaka mmoja ni katikati tu ya safu hiyo, na nusu ya watoto wako nyuma yake bila kuwa na kasoro yoyote.

Kwa umri uliorekebishwa, basi, mtoto wetu bado yumo ndani ya safu, ingawa yuko pembezoni.

Anasota

Mtoto hakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Anasota. Anakaa kitako, anatanguliza mguu mmoja, anajisukuma kwa mkono mmoja na kuvuka chumba kwa kasi ya kushangaza huku mkono wa pili umeshika kikombe ambacho hataki kukiachia. Mama hakulitaja hilo mpaka alipoulizwa mtoto anafikaje anakotaka kwenda. Aliona halina maana, kumbe ndilo lililoeleza nusu ya shida.

Watoto wanaosota huchelewa kutembea. Wengi wao hutembea kati ya miezi 18 na 24, na wachache huvuka hapo. Huwa hawapendi kulazwa kifudifudi tangu wakiwa wachanga, na ukiwanyanyua kwapani uwasimamishe, hukunja nyonga na kunyoosha miguu mbele kana kwamba wamekalia hewa. Mara nyingi tabia hiyo imo katika ukoo. Bibi alipoulizwa alicheka: baba wa mtoto naye alisota mpaka suruali zikatoboka makalioni, na alitembea akiwa karibu na miaka miwili. Jibu hilo lilikuwa nyumbani muda wote, halikuwa limeulizwa tu.

Na kutambaa kwenyewe si daraja ambalo kila mtoto lazima alivuke. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2006, watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilipopitia upya orodha yake ya hatua za ukuaji mwaka 2022, kutambaa kuliondolewa kabisa.

Pamoja na hayo, kusota hakumpi mtu ruhusa ya kufunga faili. Nyonga iliyotoka mahali pake inaweza kujificha mpaka mtoto aanze kusimama, kwa hiyo nyonga zilikaguliwa: zinafunguka sawa pande zote, miguu ina urefu mmoja. Kwa kuwa alikuwa anatanguliza mguu uleule na kujisukuma kwa mkono uleule, ilibidi kuangaliwa kama upande mmoja ni dhaifu. Alipewa kipande cha kuchezea upande wa kulia, akakipokea kwa mkono wa kulia. Upande wa kushoto, kwa kushoto. Hilo ni jambo zuri. Mtoto anayechagua mkono mmoja waziwazi kabla ya kutimiza mwaka hastahili kusifiwa kwamba ana mkono wenye nguvu. Anastahili kupimwa, maana huenda ule mwingine una tatizo. Akisimamishwa, mtoto wetu anakanyaga kwa unyayo wote, si kwa ncha za vidole. Akishika meza anasimama dede na kuachia mkono mmoja. Miezi miwili nyuma hakuweza hata kujiinua. Kwangu mimi hiyo miezi miwili ina uzito kuliko tarehe yoyote ya kwenye kadi: mwendo wake ni wa kupanda, na haujasimama.

Kulikuwa na mjadala mdogo kuhusu kipimo cha damu. Mvulana ambaye hajatembea kufikia miezi 18 hupimwa kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, kwa sababu ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ambao huwapata zaidi wavulana, mara nyingine huanza kwa kuchelewa kutembea tu. Kwa umri uliorekebishwa mtoto huyu alikuwa hajafika miezi 18, na wapo ambao wangesubiri. Mimi nisingesubiri. Ni damu kidogo, na jibu baya likijulikana mapema hubadilisha maamuzi mengi ya familia, hata ya mimba ijayo. Alipimwa. Majibu yakawa ya kawaida.

Familia ilikuwa imepanga kumpatia kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hukalishwa katikati na kusukuma sakafu kwa vidole. Waliombwa waachane nacho. Hakiharakishi kutembea, kinamzuia mtoto kuiona miguu yake mwenyewe, na kinamfikisha kwenye ngazi na vitu vya moto kabla mtu hajainuka kitini. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Anachohitaji mtoto huyu ni sakafu, miguu peku, na vitu anavyovipenda viwekwe juu ya kiti kifupi badala ya chini, ili apate sababu ya kuinuka.

Mama aliongeza kwamba siku hizi mtoto anakula kidogo kuliko alivyokuwa akila ana miezi 10. Hilo halikuchukua muda. Mwaka wa kwanza uzito wa kuzaliwa huongezeka karibu mara tatu. Mwaka wa pili mtoto huongeza kilo mbili au zaidi kidogo tu, na hamu ya chakula hushuka kufuata kasi hiyo. Mstari wake wa uzito ulikuwa unapanda sambamba na mistari ya kadi, basi.

Hapo ndipo kikao kingeweza kuisha. Mama alishapumua, bibi alishachukua mkoba.

Sauti iliyoita kutoka nyuma

Wakati maelezo ya kigari yakiendelea, mtoto alikuwa sakafuni akipanga vipande vya mbao, mgongo wake kuelekea mlangoni. Muuguzi alisimama nyuma yake, hatua mbili hivi, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Mtoto akaendelea na vipande vyake. Akaita tena. Kimya. Mama akaingilia: "Ndivyo alivyo akishika kitu." Muuguzi akasogea hatua moja, kivuli chake kikapita juu ya vile vipande, na mtoto akageuka papo hapo, akatabasamu meno yote yakaonekana.

Kuanzia hapo maswali yalibadilika. Ana maneno mangapi? Hana. Anasema "mama"? Anaguna. Zamani je? Zamani, kwenye miezi 9 hivi, alikuwa na "ba-ba-ba" na "da-da-da" ambazo baba yake alizirekodi kwenye simu. Kisha zikapungua. Siku hizi ni irabu ndefu, "aaa" na "eee", na makelele akitaka kitu. Wazazi walikuwa wameliweka hilo katika fungu moja na miguu: ni njiti, kachelewa kutembea, atachelewa na kusema, vyote vitakuja pamoja.

Mantiki hiyo inavutia, lakini haisimami. Umri uliorekebishwa unamsamehe mtoto wiki 7. Haumsamehi miezi 7. Kwa miezi 16 iliyorekebishwa tungetegemea angalau neno moja au mawili yenye maana, hata kama yanaeleweka na watu wa nyumbani tu, na tungetegemea sauti zake ziwe zinaongezeka. Hapa zilikuwa zinapungua. Mtoto kupoteza alichokuwa nacho, kiwe sauti, kutazamana au kushika, ni jambo ambalo halingojewi kwa umri wowote ule.

Kutembea ndiko kunakoonekana na kila mtu. Jamaa akifika nyumbani huuliza kama mtoto ameanza kutembea. Sijasikia anayeuliza kama mtoto ananyoosha kidole kuonyesha kitu. Na bado, mradi mtoto yumo ndani ya mipaka, tarehe aliyoanza kutembea haisemi mengi kuhusu akili yake wala maisha yake ya baadaye. Mawasiliano yanasema zaidi, na yanaanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Kwenye miezi 2 mtoto hutabasamu akimtazama mtu na kutoa sauti laini za kooni. Kufikia nusu mwaka anacheka na kupokezana sauti nawe, wewe unatoa, yeye anajibu. Karibu na miezi 9 anafuatanisha silabi na kugeuka akiitwa jina. Kwenye mwaka anapunga mkono wa kwaheri na kusita kidogo ukimwambia "hapana". Mwaka na robo ananyoosha kidole kuomba. Mwaka na nusu ananyoosha kidole kuonyesha, bila kuomba chochote, na anajaribu maneno matatu au zaidi ukiacha mama na baba. Kwenye miaka miwili anaunganisha mawili.

Zile sauti laini za mwanzo huwadanganya wengi. Hata mtoto asiyesikia kabisa huzitoa akiwa na miezi michache, na wazazi wake hulala usingizi mnono. Ni silabi za "ba-ba-ba" ndizo zinazohitaji sikio: mtoto anajisikia, anarudia, anasikia ya wengine, anaiga. Sikio likiziba katikati ya kazi hiyo, silabi hufifia na irabu hubaki. Ndicho kilichorekodiwa kwenye simu ya baba bila mtu kujua, kwani video za miezi 9 zilikuwa na silabi nyingi kuliko za miezi 17.

Hali mbili zinazofanana

Mtoto asiyegeuka akiitwa na asiye na maneno humfanya mtu yeyote makini afikirie usonji, hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na ilikuwa sawa kuufikiria. Kilichosaidia kutenganisha ni kidole. Taa ya chumbani ilipowashwa, mtoto aliinua mkono akainyooshea kidole, akageuza uso kumtazama mama, kisha akarudisha macho kwenye taa. Taa, mama, taa. Hakutaka kupewa taa. Alitaka mama naye aione. Alipopewa kikombe kitupu alikipeleka mdomoni mwa bibi. Muuguzi alipopiga makofi, naye akapiga. Dodoso la uchunguzi wa awali wa usonji, M-CHAT-R, ambalo hutumika kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lilijazwa, na majibu yaliyotia shaka yalikuwa yale yanayohusu kuitikia sauti, basi. Hilo halifuti swali moja kwa moja; linalisogeza nyuma ya foleni na kuyaleta masikio mbele.

Mama alitoa karatasi kwenye mkoba: kipimo cha usikivu cha siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, masikio yote mawili yamepita. "Alipimwa, akapita," alisema, na alikuwa na haki ya kuitegemea karatasi hiyo. Lakini kupita ni habari ya siku ile. Usikivu unaweza kushuka baadaye, na mtoto aliyelazwa siku nyingi katika chumba cha uangalizi maalumu, hasa akipewa antibayotiki za jamii ya gentamaisini, ambazo huweza kudhuru usikivu, anatakiwa kupimwa tena hata kama alipita. Tena kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi, isiyohusu kuzaliwa kabisa.

Tangu alipoanza kupelekwa kituo cha kulelea watoto akiwa na miezi 10, mtoto alikuwa na mafua yanayopokezana. Mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu bapa; ukivimba kwa mafua, hewa haiingii, na majimaji hukusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio. Hakuna homa, hakuna usaha, mara nyingi hakuna hata maumivu, kwa hiyo hakuna kinachomfanya mzazi ashtuke. Daktari alitazama: viwambo vimefifia na havichezi vikipulizwa hewa. Kipimo cha mwendo wa kiwambo kilichora mstari bapa pande zote mbili, yaani viwambo havisogei. Kipimo cha usikivu kilionyesha anaanza kusikia kwenye desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 35 hivi.

Desibeli 35 si ukiziwi, na hapo ndipo ubaya wake. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja huwa kwenye desibeli 60 hivi, kwa hiyo mengi yanamfikia, ila yanamfikia kama maongezi ya chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Irabu, ambazo zina nguvu, zinapita. Sauti nyepesi kama s, f na t zinapotea njiani. Kwenye kelele za kituo, watoto wengi na redio imewashwa, hata irabu zinachanganyika.

Familia ilikuwa imeshamjaribu nyumbani. Walipiga sufuria nyuma yake, akageuka. Mlango ulipojibamiza, akashtuka. Kila mzazi hufanya hivyo, na kila mzazi hutulizwa na matokeo. Sufuria ina kelele kubwa mara nyingi kuliko sauti ya mtu, na mlango hutikisa sakafu na kusukuma hewa. Majaribio hayo yanaonyesha tu kwamba mtoto si kiziwi kabisa. Kama unataka kujua zaidi ukiwa nyumbani, muite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, chumba kiwe kimya, kivuli chako kisimfikie, wala usikanyage kwa kishindo. Na asipogeuka mara kadhaa, usijipe moyo kwamba amezama kwenye mchezo, mpeleke apimwe.

Ukaidi wa bibi nao ulihitaji kuangaliwa. Mtoto wa mwaka na nusu ni mkaidi kweli. Anasema hapana kwa kichwa, anajitupa chini, anataka na hataki kwa dakika hiyohiyo, na sehemu ya ubongo inayozuia misukumo hiyo bado ina miaka mingi ya kukua. Ila mkaidi aliyesikia mara nyingi hujisaliti: husita nusu sekunde, hukutupia jicho, ndipo aendelee na ubaya wake. Mtoto huyu hakuwa anasita. Kelele zake nyingi na kuuma wenzake kituoni kulikuwa na maelezo mengine, kwamba alikuwa na mengi ya kusema na hana pa kuyapitishia.

Kliniki za miezi 9 na 12 zilikuwa zimemwona. Uzito uliandikwa, urefu uliandikwa, na mama aliulizwa, "Anaongea?" Akajibu, "Anajaribu." Ikaandikwa anajaribu. Swali linalojibika kwa neno moja la heri halitagundua lolote, maana hakuna mama anayependa kumsema vibaya mwanawe mbele ya foleni. Angeulizwa ataje sauti alizozisikia jana, au mtoto hufanya nini akitaka kitu asichokifikia, picha ingejitokeza miezi sita mapema.

Miezi mitatu ya kusubiri

Majimaji ya aina hii huisha yenyewe kwa watoto wengi ndani ya miezi 3, kwa hiyo utaratibu ni kusubiri kisha kupima tena. Antibayotiki na dawa za mafua hazisaidii kuyaondoa, na familia iliombwa isizinunue. Lakini mtoto aliyekwisha kuchelewa lugha hasubirishwi mikono mitupu.

Mtaalamu wa lugha na matamshi aliwafundisha mambo machache. Shuka mpaka uso wako uwe sawa na wake, mguse bega kabla ya kumwita, ndipo useme. Taja kile anachokitazama yeye, si unachotaka wewe akitazame. Sema kifupi kisha unyamaze, umpe nafasi ya kujibu kwa chochote alicho nacho, hata kama kimya hicho kinakukera. Tumia mikono: ishara ya kula, ya kulala, ya basi. Bibi aliogopa kwamba ishara zitamzoesha kutosema; haziwi hivyo, humpa mtoto pa kuanzia. Baba aliuliza kama waache kuzungumza naye lugha mbili. Hapana, lugha mbili hazisababishi kuchelewa, na kumnyang'anya moja kungemnyima watu wa kuongea nao. Televisheni ilizimwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kelele. Ya pili ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, ambao haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na hata akifikisha miaka 2 unaweka ukomo wa saa 1 kwa siku.

Mtoto alitembea akiwa na miezi 20 na nusu, kutoka kitini mpaka kwa bibi, bila kuanguka. Na hapo kisa kilikaribia kuharibika, kwani familia nzima iliona mambo yamekwisha. Alichopelekewa hospitali amekifanya. Miadi ya masikio ya nini tena? Mama ndiye aliyeshikilia, kwa sababu alikuwa ameanza kuita jina nyuma ya mgongo wa mwanawe kila siku na alijua jibu.

Kwenye miezi 21 mistari ya kipimo cha viwambo ilikuwa bapa vilevile. Maneno yalikuwa mawili, pamoja na ishara tano au sita anazozitumia vizuri. Kama lugha yake ingekuwa inakwenda, kuendelea kusubiri kungekuwa uamuzi wa busara. Kwa kuwa haikuwa inakwenda, daktari wa masikio, pua na koo alishauri kuwekewa vijirija vidogo kwenye viwambo, ambavyo huingiza hewa na kuacha sikio la kati likauke. Ni upasuaji wa dakika chache, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wazazi waliwaza wiki moja wakakubali.

Mshangao wa kwanza ulikuja siku hiyohiyo. Mtoto alilia maji yalipovutwa chooni. Alijiziba masikio kijiko kilipoanguka. Kwa siku kadhaa nyumba ilimwelemea kwa kelele, na wazazi walishauriwa wapunguze vishindo wampe muda; alizoea kabla ya wiki mbili kwisha.

Maneno hayakuja kwa kishindo kama walivyotarajia. Vijirija hufungua sikio, havirudishi miezi iliyopita. Kwenye miaka 2 alikuwa na maneno 20 hivi, hajaunganisha, wakati wenzake wengi walishavuka 50. Kuuma kituoni kuliisha kabla maneno hayajawa mengi. Kwenye miezi 27 alisimama mlangoni akasema "baba njoo", na ndani ya mwezi huo akawa anaunganisha mawilimawili siku nzima, bila s wala f, ambazo hata kwa watoto wasio na historia hii huchelewa.

Mambo hayajaisha. Vijirija hutoka vyenyewe, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka au zaidi kidogo, na kwa baadhi ya watoto majimaji hurudi vikishatoka. Cha sikio la kulia kimeshatoka. Mstari wa upande huo kwa sasa ni mzuri. Cha kushoto bado kimo. Usikivu unapimwa tena kwenye miezi 30 pamoja na lugha, na mtaalamu wa lugha ataendelea naye mpaka sentensi zake zieleweke na mtu asiyemzoea. Kwa kuwa alilazwa siku nyingi alipozaliwa, atapimwa usikivu hata baada ya majimaji kusahaulika. Majimaji yakirudi pande zote mbili, kuna kusubiri, kuna vijirija vipya, na kuna vifaa vya kusaidia kusikia. Uamuzi utategemea lugha yake imefika wapi siku hiyo.